Kigae cha Nywele za Mama Rehema

Vijana wangu, mkifungua tovuti siku hizi mnakuta weupe mtupu. Maandishi meusi, picha moja kubwa, kitufe cha kubonyeza, basi. Hamjui kwamba zamani weupe ule ulikuwa aibu. Mfanyabiashara wa Kariakoo akiona ukurasa wake mweupe alikuwa anauliza, "Mbona hamjamaliza?" Alitaka nyuma ya maandishi pawe na kitu: mbao, gunia, kokoto, maua ya kitenge. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza hicho kitu cha nyuma. Niliifanya mpaka ikaisha yenyewe, mimi nikabaki.

Kuna wanaostaafu wakaandika ili wakumbukwe. Mimi naandika kwa sababu binti yangu Rehema yuko chumba cha pili na mtoto mchanga. Ametoka kwa mumewe, amerudi kwangu hapa Msimbazi, na kitu ambacho kingemrudisha kwake kichwa kikiwa juu ni picha ambayo niliwahi kuwa nayo, na ikapotea mikononi mwangu kwa kazi hii hii. Nitawaeleza kazi na nitawaeleza picha. Nimejaribu kuvitenganisha nimeshindwa.

Mtoto amezaliwa na shungi la nywele nyeupe kisogoni. Si mvi, ni kishungi kidogo cheupe katikati ya nywele nyeusi. Daktari alimtazama akasema ni mzima kabisa, ni rangi tu imekosekana pale, na mara nyingi jambo hilo huwa la ukoo. Na kweli ni la ukoo. Mke wangu, Mama Rehema, Mungu amrehemu, alizaliwa nalo. Rehema hakulipata. Lilimruka likaenda kwa mwanawe.

Tatizo ni kwamba ukubwani hakuna mtu wa nje aliyeliona. Mke wangu alilificha maisha yake yote. Utotoni walimwita mtoto wa majini, wenzake hawakutaka kukaa naye dawati moja, basi alipojua kupaka piko, ile rangi nyeusi, alipaka, na juu ya piko akajifunga mtandio. Picha zetu za harusi zipo, na nywele zinazochungulia pale ni nyeusi tii. Mama Jafari, mama wa mume wa Rehema, ameziona hizo tu.

"Kwetu hakuna," alisema siku ya arobaini ya mtoto, mbele ya wanawake walioshika sahani za pilau. "Wewe huna. Jafari hana. Sasa hii imetoka wapi?"

"Kwa marehemu mama," Rehema akasema.

"Marehemu yupi? Yule wa kwenye picha?"

Dada zake mke wangu walikuwepo, wakasema wao wanalijua shungi lile tangu utoto. Mama Jafari akawajibu kwamba ndugu hawatoi ushahidi, ndugu wanatoa msaada. Toka siku hiyo kila aliyembeba mtoto mle ndani aliangalia kwanza kisogo.

Jafari ni mpole, na upole wake ndio uliotufikisha hapa. Alimwambia mkewe, "Mimi sina neno, Rehema. Twende tukapime tu damu ili mama anyamaze." Rehema akamuuliza, "Leo napima ili mama yako anyamaze. Kesho akiongea tena nitapima nini?" Akafunga nguo zake.

Alipofika kwangu hakulia. Alimlaza mtoto kitandani akakaa kwenye kiti cha mama yake. Akasema, "Baba, hukuwahi kumpiga picha mama akiwa na nywele zake? Moja tu. Nikamwekee yule mama mapajani, nisimwambie neno."

Niliwahi. Ni hiyo moja.

Sasa niwaeleze kazi, maana bila kazi hamtaelewa picha ile ilikwenda wapi.

Mimi ni wa darasa la saba. Nilianza na wavu na rangi, tukichapa fulana za timu na mashuka ya nyumba za wageni, kwenye chumba cha ghorofani, Mtaa wa Narung'ombe. Mwenye chumba alikuwa Fundi Seif, mtu mrefu, mkali, asiyejua kusifu. Shuka lililochapwa vibaya alikuwa analishika pembe mbili, analitikisa mbele ya uso wako, halafu analikunja bila kusema kitu. Ungeomba akutukane. Kompyuta zilipoingia mjini, alinunua moja iliyotumika, akasema maua ni maua tu, ya shuka au ya kioo. Tukaanza kutengeneza tovuti za wenye maduka. Yeye alipanga maandishi, mimi nikapewa nyuma.

Cha nyuma tulikiita kigae. Ni kipicha kidogo cha mraba ambacho kompyuta inakipanga yenyewe, kimoja ubavuni mwa kingine, mpaka ukurasa ujae, kama fundi anavyopanga vigae sebuleni. Ila vigae vya sebuleni vina mistari ya saruji, na vyetu havikutakiwa kuwa na mstari hata kidogo. Mteja alitakiwa aone gunia moja refu lisilo na mwisho, asijue kwamba anaangalia kipande kilekile kinarudi na kurudi. Tulifanya hivyo kwa sababu intaneti ilikuwa inatambaa. Ungeweka picha kubwa, mteja angekunywa chai, akaosha kikombe, akaondoka, picha haijafika nusu.

Siri yake ni hii, na bado inafaa kama kuna atakayeihitaji. Chukua picha yako, ikate msalaba iwe vipande vinne, kisha badilisha kona. Cha juu kushoto kiende chini kulia, cha juu kulia kiende chini kushoto, na vile viwili vya chini vihamie juu kwa mshazari vilevile. Ukishafanya hivyo, kingo za nje zimekuja kukutana katikati, na mshono unauona kwa macho. Unaufuta kwa kunakili punje za jirani na kuzibandika juu yake, taratibu, bila haraka. Kingo mpya za nje hazikusumbui, maana zilikuwa zimeshikana toka mwanzo. Kompyuta za leo zinafanya hayo kwa kubonyeza mara moja. Sisi tulikuwa tunabandika punje kwa punje mpaka shingo inakufa ganzi.

Piga picha kivulini, chini ya turubai, mchana. Jua likigonga upande mmoja, ukurasa mzima utakuwa na michirizi kama godoro. Na ukimaliza usiamini macho ya karibu. Fundi Seif alikuwa ananifukuza kwenye kiti.

"Nenda kasimame mlangoni. Fumba macho nusu. Unaona nini?"

"Mchele, Fundi."

"Unaona mchele, au unaona mistari ya mchele?"

"Mistari."

"Rudi ukae."

Mchele huo ndio ulionifundisha sheria mbili nilizofanyia kazi maisha yangu yote. Ulikuwa wa bwana mmoja mwenye duka la jumla pale sokoni. Niliumwaga kwenye sinia, nikaupiga picha, nikatengeneza kigae kizuri, tukakiweka kwenye tovuti yake. Bwana yule akafurahi, akawapigia simu wenzake waangalie. Jirani yake mmoja akaangalia, akampigia: "Naona siku hizi unauza wali na kitoweo humo humo."

Kwenye sinia kulikuwa na fukusi mmoja. Mmoja tu, mdogo, mimi sikumwona. Lakini kigae kikishapangwa, fukusi mmoja anakuwa jeshi. Walikuwa wamejipanga kwenye mistari iliyonyooka, juu mpaka chini, kama wanafunzi wako paredi.

Fundi Seif aliniambia sheria ya kwanza: "Chochote kinachojitokeza, kiondoe. Hata kiwe kizuri. Jicho likikamata kimoja, litavikamata vyote." Nikamfuta fukusi.

Haikuishia hapo. Baada ya siku chache yule bwana akataka tubadilishe namba ya simu kwenye ukurasa. Kwenye mashine kulikuwa na vigae viwili, cha zamani na kipya, majina yanafanana. Nikapandisha cha zamani. Bwana akapanda ngazi zetu anahema, anashika ukuta, akasimama mlangoni akasema, "Jamani, mimi nilidhani wameshakufa!"

Tulicheka sote, hata Fundi Seif, na ni mara hiyo moja tu nilimwona akicheka. Halafu akatoa sheria ya pili. Kazi safi ikipatikana, chafu ifutwe hapo hapo. Safi ihifadhiwe juu ya chafu, kwa jina lilelile, zisibaki mbili. Na picha iliyotoka kwenye kamera isikae, ipishe nafasi, kwa sababu mashine yetu ilikuwa inajaa haraka. Ilikuwa sheria nzuri. Hatukuchanganya tena.

Sasa nije kwa Mangi. Alikuwa Mchaga wa Kibosho, jina lake la kanisani nilikuwa nalijua lakini Kariakoo nzima ilimwita Mangi, naye akaitika. Aliuza mafuta ya nywele, dawa za kuondoa mba, vitana na nywele za bandia, kwa jumla, Mtaa wa Mkunguni. Alitaka nyuma ya tovuti yake pawe na misuko. Si ya kuchora, misuko yenyewe.

Nilijaribu nywele za bandia za dukani kwake, zikatoa mng'ao kama nailoni. Nikaenda saluni, akina mama wakanifukuza na kamera yangu. Nikarudi nyumbani nimechoka, nikamkuta mke wangu uani amekaa kwenye kigoda. Alikuwa amesukwa twende kilioni, ile misuko yote ya kwenda nyuma, mistari imenyooka kama shamba lililolimwa kwa kamba. Siku hizo piko ilikuwa imemwasha kichwa, akapumzika nayo. Shungi lilikuwa limeota nje, jeupe.

Nilimwomba.

"Wewe mwanaume una wazimu," akasema. "Nimefunika kichwa miaka yote, leo nikaonyeshwe dukani kwa Mangi?"

"Hutajulikana. Nakata kipande tu cha misuko. Uso haumo."

"Na hilo?" Alikuwa hataji shungi kwa jina.

"Nitakata lisionekane."

"Haya. Ukinikata vipande usisahau kunishona."

Akageuka kuniambia kitu kingine, nafikiri kuhusu maji ya mtungini, na mimi nikabonyeza kabla hajafunga mdomo. Hiyo ndiyo picha. Shavu, sikio, hereni, kicheko kinaanza, na nyuma yake mistari ya nywele, na lile shungi limepita kati ya misuko miwili kama uzi. Aliiona kwenye kioo cha kamera. Nilitegemea aseme futa. Akaiangalia kwa muda akasema, "Kumbe si baya sana."

Kesho yake ofisini nilikata kipande cha katikati. Nilikuwa nimemwahidi shungi lisionekane, lakini lilikuwa katikati hasa, na mwanga wa pale ndio ulikuwa sawa. Halafu lilikuwa linapendeza. Nikaona litapotea tu kwenye kigae, nani ataligundua? Kadi ya kamera ilihitajika kwa kazi ya mabati, ikafutwa. Kwenye mashine kikabaki kigae. Nikakiweka kwenye tovuti ya Mangi.

Mangi alipanda ngazi mwenyewe, akaja moja kwa moja kwenye kiti changu.

"Fundi! Hebu niambie. Mimi nauza dawa ya mba au nauza mba?"

"Kwani vipi, Mangi?"

"Fungua hapo. Fungua! Ukurasa wangu wote umemwagika mba! Mke wangu kaniuliza kama nimelogwa!"

Nikafungua. Kwa karibu lilikuwa shungi. Kwa mbali, likijirudia kwenye ukurasa mzima, lilikuwa mba. Hata kipofu angeona. Fundi Seif aliinama nyuma yangu, akaangalia, akarudi kwenye kiti chake.

Nilimwambia Mangi ni mwanga umeingia vibaya. Nisingeweza kumwambia ukweli, haikuwa siri yangu. Akakaa kwenye kiti cha wageni akingoja. Nikachukua weusi wa msuko wa jirani, nikaubandika juu ya weupe. Nikauchukua tena, nikabandika. Ilikuwa kazi safi, pengine safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikaenda mlangoni, nikafumba macho nusu. Sikuona kitu chochote isipokuwa nywele, nyingi, zinakwenda upande mmoja, hazina mwisho.

"Hapo sawa," Mangi akasema.

Nikahifadhi juu ya kile cha zamani, kwa jina lilelile.

Nataka mnielewe hapa. Sikukosea. Nimelipitia jambo hili mara nyingi nikitafuta kosa langu, kwa sababu kosa lingenipa mahali pa kushika. Ningeweza kusema nilikuwa mzembe, nikajuta, nikapumua. Lakini nilifanya kama fundi anavyotakiwa kufanya. Kila hatua ilikuwa sahihi.

Kigae kile kilikaa miaka mingi. Wakati mwingine nilikuwa nikipita Mkunguni namwona Mangi amekaa mbele ya mashine, nyuma ya bei za mafuta kuna nywele za mke wangu, na mle dukani ni mimi peke yangu ninayejua. Mke wangu alikuwa anauliza, "Bado nipo kwa Mangi?" Namwambia upo. "Salimia," anasema.

Baadaye akaugua. Sitaandika kuhusu ugonjwa. Tulikwenda hospitali ya rufaa, tukawa tunaulizia vyumba vya wageni kwa watu wa Upanga ili nisilale kwenye benchi, na siku moja nikatoka pale bila yeye. Watu wakaja, turubai likafungwa, wakaondoka, turubai likafunguliwa. Rehema alikuwa bado anasoma. Nilirudi kazini kwa sababu sikujua pa kwenda kwingine.

Kazi nayo ikawa inakufa polepole. Watu wakahamia kwenye simu, na kwenye kioo kidogo vigae vinawachosha macho, hata mimi nilikiri. Wateja wakaanza kusema, "Fundi, toa hayo makorokoro, weka nyeupe." Kisha zikaja tovuti zilizotengenezwa tayari, kisha wengi wakaacha tovuti kabisa, wanauzia mitandaoni. Fundi Seif alifariki, chumba kikachukuliwa na mtu wa mabegi. Sasa nasikia ukiiandikia mashine "nataka mbao kuukuu", inakupa mbao kuukuu ambayo haikuwahi kuwa mti. Mpwa wangu alinionyesha. Nilitafuta mshono sikuuona. Nilisimama mlangoni, nikafumba macho nusu, sikuona mstari. Mikono yangu haina kazi nyingine inayoijua.

Basi Rehema aliponiuliza, nilianza kutafuta. Picha yenyewe, ile ya shavu na kicheko, nilijua imekwenda. Lakini nikafikiri, kile kigae cha kwanza, kabla ya Mangi kupanda ngazi, kilikuwa hewani siku kadhaa. Kile chenye shungi. Hakina uso, lakini kina misuko na kina weupe, na Mangi yupo hai, si ndugu yetu, angeweza kusema: naam, kigae hiki aliniletea Fundi miaka hiyo, na mimi mwenyewe nilikikataa kwa ajili ya weupe huu. Mama Jafari angepata mtu baki wa kumsikiliza.

Nilimwomba kijana mmoja anitafutie kwenye zile hifadhi za mtandaoni zinazotunza kurasa za zamani. Alinionyesha ukurasa wa Mangi. Maandishi yapo, bei zipo, hata salamu za sikukuu zipo. Nyuma ni weupe. "Picha za nyuma mara nyingi hazikuhifadhiwa, mzee," akasema. "Zilionekana si muhimu."

Nikaenda Mkunguni. Nilipita Mnazi Mmoja kwa miguu, kulikuwa na watu wamekusanyika na vipaza sauti, sijui kwa ajili ya nini. Mangi amezeeka, anatembea na fimbo, duka lina watoto wake. Alinikumbatia.

"Fundi wa mba!" akawaambia wanawe. "Huyu alinimwagia mba ukurasa mzima!"

"Mangi, ile mashine yako ya zamani ipo?"

"Ipo stoo. Mimi situpi kitu, si unanijua. Unaitakia nini?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia ule haukuwa mwanga, lilikuwa shungi la mke wangu, na sasa liko kwa mjukuu wangu. Aliegemea fimbo yake. Halafu akasema, "Pole sana, mzee mwenzangu. Na mimi nikapiga kelele vile." Akamwambia mwanawe alete mashine.

Iliwaka. Ilichukua muda, ikaunguruma kama inataka kupaa, lakini iliwaka, na folda ya tovuti, nakala tuliyomwekea, ilikuwepo. Mangi alikuwa amesimama nyuma yangu akipumua kwa nguvu. Nikafungua kigae.

Kilikuwa cheusi chote. Kisafi. Niliangalia pale penye shungi, nikitumaini kwamba labda nilibakisha unywele mmoja, labda mkono uliteleza. Mkono haukuteleza. Hata mimi niliyefanya sikuweza kuona mahali nilipofanya.

"Si ndio hiyo?" Mangi akauliza.

"Ndio hiyo."

"Sasa mbona..."

"Ndio hiyo, Mangi. Ile uliyoikubali."

Akakaa juu ya katoni la mafuta. Alisema atakuja kwa Mama Jafari kuapa. Nikamuuliza ataapa aliona nini. Akafikiri. "Niliona mba," akasema, na hakuna kati yetu aliyecheka.

Nilikiweka kigae kwenye kidude cha kuhifadhia nikarudi nacho nyumbani. Rehema alikuwa anamnyonyesha mtoto. Nikafungua kompyuta yangu, nikamwonyesha na kumweleza nilichokifuta. Aliangalia kwa makini, akapitisha kidole juu ya kioo.

"Ndio nywele za mama?"

"Ndio."

"Siwezi kuzijua, Baba. Zingeweza kuwa za mtu yeyote."

"Najua."

Akaondoa kidole kwenye kioo. Kisha akasema, bila kunitazama, "Wewe si ndiye uliyelifuta hilo shungi? Lirudishe basi. Unajua kazi hiyo kuliko mtu yeyote. Wala hatutakuwa tunadanganya, si lilikuwepo kweli?"

Nilikuwa nimeshaliwaza hilo njiani, toka Mnazi Mmoja. Nitawaambia ukweli, nililiwaza kwa furaha. Ningeweza kuufanya weupe ule ukae pale hata fundi mwenzangu asigundue. Nikavuta kiti. Nikachukua rangi nyeupe, nikaipunguza makali kidogo, maana haukuwa weupe wa chaki, ulikuwa na unjano kidogo kama uzi wa pamba. Nikasogeza kipanya mpaka juu ya misuko.

Mkono ukasimama.

Ulikuwa kati ya msuko upi na upi? Ulianzia juu au chini? Upana wake ulikuwa kama kidole, au mdogo zaidi? Nimeishi na kichwa kile, nimekipaka piko kwa mkono wangu. Sasa nimekaa mbele yake na sijui. Nilifumba macho nikamtafuta, nikaona mtandio.

"Vipi?" Rehema akauliza.

"Msogeze mtoto hapa kwenye mwanga. Mvue kofia."

Akamsogeza. Akamgeuza taratibu, akamshika kidevu ili kisogo kikae upande wangu. Nikaliangalia shungi la mtoto, namna linavyoanza jembamba na kupanuka, namna linavyolala upande. Nikaangalia kioo. Nikaangalia mtoto tena, nikapima kwa macho. Nikaanza kuchora.

Nilikuwa nimeweka nywele chache nilipoona ninachofanya. Nilikuwa namchukua mtoto kumtengenezea bibi, ili kesho nimchukue bibi kumthibitishia mtoto. Kwenye kioo hapakuwa na mke wangu hata kidogo. Alikuwa huyu mchanga, mara mbili.

Nikaweka kipanya chini.

"Malizia, Baba."

"Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

Mtoto alianza kulia kwa kushikwa muda mrefu. Rehema akamgeuza akamweka begani, akawa anamtembeza, mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi, na kila alipogeuka nililiona lile shungi. Nikafunga faili. Mashine ikaniuliza kama nihifadhi mabadiliko. Nikajibu hapana.

Vijana, tunzeni picha ya kwanza. Ile mbaya, yenye mambo yasiyotakiwa. Nunueni pa kuiweka. Sina jingine la kuwafundisha, na hilo lenyewe mimi halinisaidii tena.

Jafari anakuja Jumapili. Anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, anambeba mwanawe, anauliza hali. Rehema anamletea chai. Jumapili iliyopita alipoaga alimuuliza, "Utarudi lini?" Rehema akamvalisha mtoto kofia, akaifunga kamba chini ya kidevu, akasema, "Muulize mama yako." Jafari akaangalia chini, akavaa viatu vyake, akaondoka.